Uzoefu wangu na tiketi za kundi: kazi yote iko kwenye orodha ya majina

Huduma ya tiketi za kundi kwenye ndege naikubali, ila si kwa sababu inayowavuta wengi. Wengi huifuata kwa ajili ya punguzo, na punguzo lenyewe huwa kubwa, dogo, au halipo kabisa. Kuna tarehe ambazo nauli ya kundi huzidi ile ya mtandaoni. Faida yake hasa ni muda. Unashikiliwa viti vyote kwa nauli moja, unalipa kianzio, majina unaleta baadaye. Kwa msafara ambao baadhi bado wanachanga hela na wengine wanasubiri pasipoti, nafasi hiyo ya kupumua ni bora kuliko punguzo.

Mashirika mengi huhesabu kundi kuanzia abiria 10. Mkiwa 9 au pungufu mnabuku kawaida, na hapo kuna mtego ambao naona watu wanauingia kila siku. Viti vya daraja la kawaida vimegawanywa kwenye mafungu ya nauli. Ukitafuta viti 8 kwa mpigo na fungu la bei ya chini limebakiza 3, mfumo haukupi 3 vya bei ya chini na 5 vya bei ya juu. Unawapandisha wote 8 kwenye fungu ambalo lina viti 8. Kwa hiyo anza kutafuta kiti 1, kisha 2, kisha 3, ukiangalia nauli ya mtu mmoja inaruka wapi. Nunua idadi ya kabla ya kuruka, halafu rudi kununua zilizobaki. Gharama yake ni kwamba mtakuwa na buking mbili, na ndege ikifutwa mfumo unaweza kuwapangia safari tofauti. Pigia shirika uombe waandike kwenye kila buking namba ya mwenzake. Mtoto na mzazi wake wasitenganishwe kamwe kwa ajili ya kuokoa nauli.

Kwa kundi kamili, mkataba una tarehe tatu za kuzingatia: ya kianzio, ya kukamilisha malipo, na ya kuwasilisha majina. Ukiipita moja, viti vinaweza kurudi sokoni na kianzio kikapotea. Kabla ya kulipa chochote, pata majibu ya maandishi kwa maswali mawili: naweza kurudisha viti vingapi bila adhabu, hadi lini? Na idadi ikishuka chini ya kiwango cha kundi, nauli inabaki ile ile? Kundi la watu 11 likipungukiwa na wawili limebaki 9, na kuna mikataba inayoruhusu nauli kupigwa upya kwa wote waliobaki. Nashauri kushika viti kwa waliokwisha kutoa hela tu. Wale wa "niandikie, nitalipa" ndio wanaovunja kundi.

Sasa majina, ambapo huduma hii hufaulu au hufeli. Usipokee majina kwa meseji, wala kwa simu. Dai picha ya ukurasa wa pasipoti wenye sura, kisha unakili kutoka mistari miwili ya chini kabisa, ile yenye alama nyingi za <. Kila mstari una nafasi 44. Kwenye mstari wa kwanza, baada ya herufi P na kifupi cha nchi, jina la ukoo hutangulia, zinafuata alama mbili <<, halafu majina mengine. Hivyo ndivyo mashine inavyolisoma jina, na ndivyo tiketi inavyotakiwa iandikwe. Pasipoti ikisema MARIAMU na tiketi ikasema MARIAM, mwenyewe ataona ni kitu kidogo, lakini mtu wa kaunta ana haki ya kusita. Tiketi ikishatolewa, kusahihisha herufi mara nyingi kunawezekana, pengine kwa malipo. Kumbadilisha mtu mmoja kwa mwingine kwa kawaida hakuwezekani. Hapo ndipo nauli ya kundi inaishinda ya kawaida: kabla ya siku ya majina, kumtoa huyu na kumwingiza yule ni kazi ya baruapepe moja. Wakati unanakili, kagua pia tarehe ya pasipoti kuisha. Nchi nyingi hutaka miezi 6 iliyobaki. Na kama mnakokwenda wanadai cheti cha homa ya manjano, kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, si siku ile ile.

Nisilolipenda: buking nyingi za kundi haziruhusu kuchagua viti wala kuchukua pasi ya kupandia mtandaoni, hata pale tovuti inapoonyesha kitufe. Hivyo wote huishia kaunta. Mtu mmoja mwenye begi huchukua kama dakika 3. Watu 20 kwenye kaunta moja ni saa nzima, na kupokea mizigo ya safari za nje mara nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka. Fika saa 3 na nusu kabla, si 2. Jambo lingine: asiyepanda kipande cha kwanza cha safari, vipande vinavyofuata hufutwa, na ya kurudi nayo hufutwa. Anayetaka kuungana na wenzake njiani anunue tiketi yake peke yake.

Kwenye mizigo, usidhani kilo za kundi ni za pamoja. Kuna mashirika yanayojumlisha uzito kwa wanaojiandikisha pamoja, na kuna yanayohesabu begi kwa begi. Kikomo cha kawaida ni kilo 23, na begi moja likizidi 32 hukataliwa hata ukiwa tayari kulipia, kwa sababu ya migongo ya wapakiaji. Nunueni mizani moja ya kuning'iniza, ipite kwa wote jana yake. Pawabenki hukaa begi la mkononi tu. Uwezo wake unapatikana hivi: mAh mara volti, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Kikomo bila kibali ni 100. Ikiwa maandishi yake yamefutika, iache nyumbani, kwa kuwa mkaguzi hana namna ya kukuamini.

Vifaa vya pamoja navyo vina kosa lake: masanduku matano yote kuandikwa kwa jina la kiongozi. Lebo humfuata mwenye jina, na madai ya hasara vilevile. Gawa masanduku, kila mtu abaki na kipande chake cha lebo, na kipigwe picha hapo hapo. Begi lisipotokea, jaza ripoti kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo. Kwa safari zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, madai ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na ya lililochelewa ndani ya siku 21.