Uma wa mkono dhidi ya sangari na ndago: uzoefu wangu Nakuru

Nimeutumia uma huu wa kung'olea magugu misimu miwili ya mvua za vuli, kwenye nyasi ya Kikuyu iliyo mbele ya nyumba, kama mita 10 kwa 8. Una meno matatu ya sentimita 15 na mpini wa mbao. Kwa sangari, lile gugu la jamii ya nyasi, unafaa sana. Kwa ndago, gugu linalofanana na nyasi lakini lenye viazi vidogo ardhini, unafaa ukiwa na subira. Kwa yale magugu ya majani matatu yenye vitunguu vidogo ardhini hautoshi, kwa sababu vitoto vya kitunguu hupukutika na kubaki. Hapo chota udongo wote uupitishe kwenye chekecheo.

Sangari hutambaa chini ya udongo, na kila kipande chenye kifundo huchipua upya. Ndiyo maana jembe na panga huyazidisha. Anza sentimita 10 nje ya kiraka, zamisha meno yote, egemeza mpini nyuma mpaka udongo uinuke, kisha fuata mzizi kwa vidole ukiuvuta polepole. Usianze kwa kuvuta. Anika mabaki juu ya bati mpaka yavunjike kama kijiti kikavu. Usiyatupe kwenye mboji yakiwa mabichi.

Unyevu ndio unaoamua kazi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi, siku moja au mbili baada ya mvua unatosha. Kwa wenzetu wa Kisumu wenye udongo mweusi wa Kano, ukilowa hunasa meno, ukikauka hugeuka jiwe: wao wavizie siku chache za katikati.

Ndago ni kesi nyingine. Itambue kwa kuviringisha shina linalobeba ua: lina pembe tatu. Chini kuna viazi vidogo vilivyoungana kama shanga, na ukinyofoa cha juu tu, vilivyolala huamka, kwa hiyo mwezi unaofuata unaweza kuona machipukizi mengi kuliko mwanzo. Meno ya sentimita 15 ni mafupi kwake. Ondoa tabaka la juu, kisha chimba tena chini yake. Hata hivyo vingine vitabaki. Rudi kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla chipukizi halijaunda viazi vipya; ukikosa mizunguko miwili umeanza upya. Na kama maji hutuama hapo, tengeneza mfereji kwanza, maana ndago hupenda palipolowa.

Shimo lisiachwe wazi hata siku moja. Lijaze udongo, laza vipande vitatu vya nyasi ya Kikuyu vyenye vifundo viwili au zaidi, kanyaga, mwagilia kila siku mvua isiponyesha. Samadi iwe imeoza kabisa, la sivyo unapanda mbegu za magugu kwa mkono wako. Baadaye kata nyasi ibaki sentimita 4 hadi 5. Ukiinyoa mpaka chini, mwanga unafika udongoni na magugu yanaota.

Unaponunua, tazama shingo ya uma. Wangu wa kwanza ulikuwa wa kuchomelewa, na jino la kati lilikatikia kwenye kiungo ndani ya wiki tatu. Huu wa sasa umefuliwa kipande kimoja. Mpini pekee ndio uliolegea, nikaukaza kwa msumari wa ribiti.