Bangili ya tenisi ya almasi: anza na kifungio, karati baadaye

Bangili ya tenisi ni ile laini yenye mstari mmoja wa almasi ndogo kuzunguka mkono, na malalamiko yanayonifikia kuihusu yanafanana mno. Hakuna anayeniambia almasi zake hazing'ai. Wananiambia bangili imepotea. Mmoja alitoka nayo asubuhi, jioni anavua koti, mkono mtupu. Mwingine alibahatika kuiona kwenye sakafu ya gari, akairudisha dukani, na muuzaji akamjibu, "Dada, labda hukuifunga vizuri." Jibu hilo nimelisikia kwa wanawake wengi kiasi kwamba nashawishika kuamini wauzaji wamelikariri darasa moja.

Kwa hiyo rangi na usafi wa mawe nayamaliza hapa hapa: rangi G au H (karibu haina rangi), usafi VS2 au SI1 (madoa madogo ya ndani), mkato mzuri, basi. Jiwe la milimita 3 lina uzito wa karibu karati 0.10 (kwa mawe, karati ni kipimo cha uzito). Doa linalohitaji lenzi ya kukuza mara 10 hutaliona kwa macho kwenye jiwe dogo kama hilo, na anayekushawishi ulipie VVS, daraja la juu zaidi la usafi, kwa mawe hamsini anakuuzia kitu ambacho hata yeye hakioni.

Sasa tuje kwenye kifungio. Bangili nyingi za tenisi hufungwa kwa kisanduku kidogo kinachomeza ulimi. Ulimi huo ni kipande chembamba cha dhahabu kilichokunjwa mfano wa herufi V. Ukiusukuma ndani unabanwa, kisha unafunguka na kujikaza. Nguvu yote ya kushikilia mali yako iko kwenye mkunjo huo, na kila ukifunga na kufungua, dhahabu inachoka kidogo. Sonara anaweza kuupanua tena kwa ncha ya kisu, ukakaza vizuri, lakini kila akiupinda anausogeza karibu na kukatika.

Dukani fanya hivi. Funga na usikilize: lazima kifungio kilie "ta!" moja, kavu. Ukisikia mkwaruzo tu, achana nayo. Kisha, kabla ya kufunga vikomeo vya pembeni, shika bangili pande zote mbili za kifungio, vuta kidogo, halafu tikisa kushoto na kulia. Ulimi ukicheza ndani ya kisanduku wakati bangili ni mpya, fikiria utakuwaje baada ya miaka mitatu. Vikomeo vyenyewe, vile vya umbo la nambari 8 vinavyobana kitufe kidogo, viwe viwili, kila upande kimoja. Duka likiweka kimoja, limeokoa dhahabu kidogo sana kwa gharama ya usalama wako.

Ukimaliza hapo, igeuze uone mgongo. Pingili zimeunganishwa kwa vipini vidogo, na matundu yake hulika taratibu hadi bangili ikarefuka. Ishike kwa ubavu, mawe yakitazama pembeni, uinyooshe hewani kutoka ncha moja. Iliyo imara hubaki karibu imenyooka. Iliyolegea huinama kama tambi iliyoiva. Kipimo hiki ni muhimu zaidi ukinunua iliyokwisha kutumika. Tena usiivae mkono mmoja na saa. Almasi ina ugumu wa 10 kwa kipimo cha Mohs, yakuti ya kioo cha saa ina 9, kwa hiyo saa ndiyo itakayochubuka.

Hata jina la tenisi lilikuja kwa kudondosha. Inasimuliwa kwamba Chris Evert, bingwa wa tenisi wa Marekani, bangili yake ya almasi ilimtoka mkononi katika mashindano ya US Open. Wengi huandika 1987, ingawa mwenyewe amesema ilikuwa 1978. Inauzwa kwa jina hilo hadi leo, na watu bado hawaangalii kifungio.

Nikipanga kwa ninavyopenda mimi, ya kwanza ni Victoria ya platinamu, ya duka la vito la Tiffany. Najua mtasema napendelea, na kweli napendelea. Platinamu haihitaji kupakwa rodiamu, metali nyeupe inayong'aa, kila mara kama dhahabu nyeupe, ambayo ule mng'ao wake mweupe ni ngozi ya juu tu na huchakaa. Tiffany pia hupokea vito vyake kwa matengenezo, nami naliheshimu duka linalokubali kuiona bidhaa yake tena baada ya kulipwa. Bei yake inauma. Sehemu kubwa unalipia jina na boksi la buluu, sitabisha, ila kama uwezo upo, mimi nisingetafuta nyingine.

Ya pili, na ndiyo ningewashauri wengi wenu, ni almasi za maabara, zilizotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa, kwenye dhahabu ya karati 14 (kwa dhahabu, karati ni kipimo cha usafi), yenye alama 585. Ni almasi kweli: kaboni ileile, ugumu uleule. Karati 14 ni ngumu kuliko karati 18 ya alama 750, hivyo ulimi na vipini hustahimili zaidi. Fedha utakayookoa kwenye mawe ihamishie kwenye uzito wa dhahabu. Uliza gramu! Bangili mbili zenye mawe sawa zinaweza kupishana sana uzito, na nyepesi huwa imechimbwa mgongoni hadi kucha zinazoshika mawe zimebaki nyembamba.

Lakini usinunue ya maabara ukitarajia kuja kuiuza. Bei zimeporomoka vibaya. De Beers wenyewe, kampuni kubwa ya almasi za mgodini, walianzisha chapa ya almasi za maabara, Lightbox, mwaka 2018, na kufikia 2025 wakatangaza kuifunga. Na hapa ndipo wauzaji wananikera zaidi, maana wapo wanaouza almasi za maabara kwa bei ya kabla ya kuporomoka, wakiandika kwenye risiti "almasi" tu. Kwa macho hutazitofautisha na za mgodini, hata sonara anahitaji mashine maalumu. Neno "maabara" au "asili" liandikwe kwenye risiti pamoja na gramu na alama ya dhahabu.

Kero nyingine ni hesabu ya karati. Unaambiwa "karati tano" kwa sauti ya kunong'ona, kama vile ni jiwe moja la malkia. Ni jumla ya mawe hamsini ya karati 0.10, na karati tano za mawe madogo hazikaribii bei ya jiwe moja la karati tano. Halafu kuna cheti. Ukiambiwa bangili nzima ina cheti cha GIA, maabara ya kupima vito, omba ukione, kwa sababu GIA hupima almasi ambazo hazijafungwa kwenye kito. IGI, maabara nyingine ya aina hiyo, ndio hutoa ripoti za vito vilivyokamilika. Nimeshaonyeshwa karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu, na aliyeitoa ni duka lenyewe!

Ya tatu ni almasi za mgodini kwenye karati 14. Chukua kama asili ya jiwe ina maana kwako. Ukilazimika kuchagua kati ya karati tatu zenye kifungio imara na tano zenye kifungio cha mashaka, sioni cha kujadili.

Moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, yenye ugumu wa 9.25, inang'aa kwa rangi nyingi kuliko almasi na hudumu, ilimradi usiuziwe kama almasi. Vile vipimo vya joto vya mkononi vya kutambua almasi hudanganyika nayo kirahisi. Zirkonia, jiwe la bei nafuu la kuiga almasi, kwenye madini ya fedha ya alama 925 ni ya sherehe mbili tatu. Vifungio vyake sijaona cha kusifia.