Tahadhari: visu vya Kifini vyenye mpini wa gome usio wa gome

Ndugu zangu mnaoishi Finland na nchi jirani, pamoja na ninyi mnaoagiza zawadi kupitia jamaa walioko huku, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayetangaza visu vya jadi, yaani puukko, vyenye mpini wa gome la mti wa birchi, ilhali anachotuma ni plastiki iliyovishwa karatasi yenye picha ya gome. Nilinunua viwili kwa yuro 90, kimoja changu na kimoja cha baba mkwe, na nashukuru kwamba changu ndicho kilichotangulia kutumika. Nilikuwa nikipaa samaki kwenye sinki nikaona ukingo wa mpini umeinuka kama lebo ya chupa iliyolowa. Nilipouvuta kwa ukucha likabanduka ganda zima, na chini yake ikatokea plastiki nyeupe yenye mshono wa kiwandani.

Aliyewahi kumwona fundi akitengeneza mpini halisi hadanganyiki kirahisi. Gome hilo, ambalo Wafini huliita tuohi, huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, utomvu unapopanda na gome kuachia shina bila ubishi, tena kwa idhini ya mwenye msitu. Fundi hulisafisha, hulikata vipande vidogo, hutoboa kila kipande katikati, kisha huvitunga kwenye mkia wa chuma unaotoka kwenye bapa, kama mtu atungavyo mishikaki, makumi kwa makumi, na kuvibana kwa nguvu hadi vishikane kama kitu kimoja. Umbo huja baadaye, kwa tupa na msasa. Ndiyo maana mistari ya mpini halisi huuzunguka wote na haifanani: kuna iliyo myembamba kama uzi, na kuna inayopinda pale gome lilipokuwa na kovu. Mistari ya wangu ilijirudia ileile kila baada ya sentimita tatu, jambo nililoliona nilipokwisha kulipa.

Kilichoniudhi zaidi ni kikaratasi kilichokuja ndani ya boksi, kikionya kwamba mpini usiguswe na maji kwa kuwa gome huoza. Kweli, kisu chochote hakipaswi kulazwa ndani ya maji, lakini watu wa kaskazini walitandika gome hili chini ya mapaa ya udongo na nyasi kwa sababu halipitishi maji, na barua zilizoandikwa juu yake, zilizoanza kufukuliwa Novgorod, Urusi, mwaka 1951, zilikuwa zimekaa katika udongo wenye unyevu kwa mamia ya miaka. Mpini unaoogopa sinki la jikoni una jambo unaloficha.

Mtego mwingine ni ukarimu wake wa kuchora jina la mnunuzi kwenye bapa bila malipo. Nilipotaka kurudisha visu ndani ya siku 14 ambazo Umoja wa Ulaya humpa anayenunua kwa mtandao, alijibu kwamba bidhaa iliyochorwa jina ni ya agizo maalumu na hairudishwi. Kanuni hiyo ipo, lakini inamhusu aliyebadili nia tu. Bidhaa isiyolingana na maelezo yake ni shauri jingine kabisa. Nilipopeleka malalamiko Kuluttajaneuvonta, ofisi ya ushauri kwa wanunuzi, nikaelezwa kwamba wao hushughulikia migogoro na wafanyabiashara, si na watu binafsi, nami sikuwa na namba yoyote ya usajili ya muuzaji huyo. Isitoshe, nilikuwa nimemtumia fedha moja kwa moja katika akaunti yake ya benki, kwa kuwa alikataa kadi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ombeni namba ya usajili wa biashara, ambayo hapa huitwa Y-tunnus, na picha ya karibu ya ncha ya mpini, mahali ambapo mkia wa chuma hutokeza na kugongwa juu ya kipande cha shaba. Mimi nilipoomba picha hiyo, alinitumia kwa mara ya pili ileile ya kwenye tangazo, ambayo baadaye niliikuta kwa fundi mwingine kabisa. Tangazo lake bado lipo, na wiki hii limeongezewa maneno "vimebaki vitatu tu".