Al-Burhan ya al-Kirmani: kitabu cha aya zinazofanana, kwa anayehifadhi Kurani

Anayehifadhi Kurani hasumbuliwi sana na aya ngumu. Zinazomsumbua ni aya mbili zilizofanana. Imamu wa tarawehe yumo katika al-Baqara aya ya 58, anateleza neno moja tu, na kabla maamuma, wanaoswali nyuma yake, hawajamkumbusha ameshaangukia al-A'raf aya ya 161. Kitabu hiki cha Mahmud bin Hamza al-Kirmani, mwenye lakabu ya Taj al-Qurra, kazi yake ni hiyo: kuonyesha maneno yametofautiana wapi, na kwa nini.

Jambo la kuangalia kabla ya kununua: kuna chapa iliyotolewa kwa jina la Asrar al-Takrar fi al-Quran. Ni kitabu hikihiki, usikilipie mara mbili. Na "mutashabihi" (kufanana) ya hapa ni ya maneno yenyewe, si zile aya za mutashabihati, zenye maana isiyo wazi, zilizotajwa katika Al Imran aya ya 7. Anayetafuta maelezo ya hizo hatayapata humu.

Ubora wake unaonekana kwenye mfano kama huu. Al-An'am 151 inakataza kuua watoto "min imlaqin", kwa sababu ya ufukara, kisha inasema "nahnu narzuqukum wa iyyahum": Sisi tunawaruzuku nyinyi na wao. Al-Isra 31 inasema "khashyata imlaqin", kwa kuogopa ufukara, kisha "nahnu narzuquhum wa iyyakum": wao na nyinyi. Al-Kirmani anaeleza kwa sentensi moja. Kwenye al-An'am ufukara umeshawafika wazazi, basi wametangulizwa wao. Kwenye al-Isra unahofiwa kuja na watoto, basi watoto wametangulia. Aliyeshika sababu hiyo hachanganyi tena, kwa kuwa neno "khashyata" lenyewe linamwambia kinachofuata.

Si kila sababu ina nguvu hiyo. Kwa chemchemi za Nabii Musa, al-Baqara 60 ina "fanfajarat" na al-A'raf 160 ina "fanbajasat". Anasema la kwanza ni maji kumiminika kwa wingi, la pili ni maji kuchomoza. Sababu yake: al-Baqara ina "kulu washrabu", kuleni na mnywe, basi ikafaa neno la maji mengi, ilhali al-A'raf ina "kulu", kuleni, peke yake. Ni jibu zuri, lakini wapo wanaotazama aliyeomba: al-Baqara ni Musa mwenyewe ndiye aliyeomba maji, al-A'raf ni kaumu iliyomwomba yeye. Hizi ni ijtihadi za wanavyuoni, yaani rai walizozifikia kwa juhudi zao, si maneno ya aya. Mwalimu na azifundishe hivyo.

Kitabu kinakwenda kwa mpangilio wa sura, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Aya hufafanuliwa pale inapotokea mara ya kwanza. Ukifika sura za mbele unakuta "imeshapita", basi. Ukitafuta ya al-A'raf 160, fungua al-Baqara. Tena ananukuu kipande kidogo cha aya, akichukulia kwamba msomaji anaijua yote.

Kwa hiyo usianze na kitabu. Andika aya mbili moja chini ya nyingine, zipigie mstari herufi zilizotofautiana, hata "fa" na "wa": al-Baqara 58 ina "fakulu", al-A'raf 161 ina "wakulu". Soma aya mbili kabla na mbili baada katika kila sura. Kisha ndipo ufungue. Bila nahau na sarufi ya Kiarabu ya kutosha utaona majibu mafupi yasiyoshikika, na tafsiri ya Kiswahili haisaidii sana, maana "basi" na "na" zikishafasiriwa mara nyingi tofauti inafifia.

Anayetaka maelezo marefu zaidi katika mada hii, yupo al-Khatib al-Iskafi (aliyefariki 420 Hijria), na Ibn al-Zubayr wa Gharnata (708 Hijria) ambaye huchimba muktadha wa sura. Kwa murajaa wa kila siku, yaani kudurusu ulichohifadhi, al-Kirmani anatosha, mradi uandike kwa penseli pembeni mwa msahafu wako namba ya aya pacha kila unapoikuta.