Modi za mapigano za Skyrim: nimezipanga kwa kipimo cha majuto

Kabla hujapakua modi yoyote, yaani nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji wenzako kuibadilisha gemu, fungua mipangilio ya Skyrim uangalie ugumu umeuweka wapi. Kama uko Legendary, pigo lako linabaki na robo ya nguvu yake, na la adui linakuingia mara tatu. Master ni nusu kwa mara mbili. Adept ndiyo ngazi pekee ambayo kila upande unapiga kwa nguvu yake halisi. Nimeanza hapa kwa sababu lalamiko maarufu kuliko yote, kwamba jambazi aliyevaa ngozi na manyoya anakatwa shoka mara ishirini na bado anakutukana, mara nyingi ni hesabu hiyo tu. Mtu anachoma bando usiku kucha akitafuta dawa, kumbe dawa ilikuwa kushusha ugumu ngazi mbili au tatu.

Modi zenyewe ni za bure, ndiyo, lakini unazilipia. Kwanza gemu: toleo la Special Edition kwenye duka la Steam bei yake kamili ni dola 39.99, na hupunguzwa sana nyakati za ofa, kwa hiyo mwenye subira hainunui kwa bei hiyo. Kisha bando. Tovuti ya Nexus Mods, zinakopakuliwa modi, inampa mwenye akaunti ya bure kasi ndogo kuliko anayelipia, na ukitaka yale makusanyo ya modi mamia kwa pamoja, wewe wa bure utabonyeza moja moja hadi kidole kichoke. Gharama ya tatu ni jioni zako, nayo ndiyo watu huijutia zaidi.

Wenye PS4, kwenu ni mafupi. Sony hairuhusu modi ilete mafaili mapya ya picha, sauti au animesheni, na nafasi mnayopewa ni gigabaiti 1. Xbox One inaruhusu mafaili mapya na inatoa gigabaiti 5. Ila kote kuwili hakuna SKSE, ile programu ya pembeni inayoipa Skyrim uwezo ambao haikuzaliwa nao. Popote nitakapoitaja, jueni ni habari za wenye kompyuta.

Nimepanga kuanzia ile yenye nafasi ndogo ya kukujutisha.

1. Mortal Enemies

Katika Skyrim ya asili, adui akishainua nyundo anaendelea kugeuka nawe hata katikati ya pigo. Unaruka pembeni, nyundo inakufuata. Modi hii inampunguzia huo mgeuko: akishakusudia kupiga upande ule, atapiga upande ule, na wewe ukishahama umehama. Kifaili ni kidogo, hakihitaji SKSE, hakina mbwembwe. Anayevunjika moyo nayo ni yule aliyetaka kuona kitu kipya kwenye skrini, maana hapa hakuna cha kuona. Utajua ipo siku utakapomkwepa jitu kwa mara ya kwanza bila kurushwa angani.

2. Blade and Blunt

Mwambie mtu aliyecheza gemu hii tangu ilipotoka Novemba 2011 kwamba pigo zito linahitaji stamina, yaani pumzi ya mhusika, atakucheka. Katika gemu ya asili ukibakiwa na chembe moja tu ya stamina bado unaruhusiwa kupiga pigo zito, ndiyo maana ule mstari wa kijani chini ya skrini wengi wetu tuliuona kama pambo. Blade and Blunt inadai stamina ya kutosha, na inamlipa anayekinga kwa wakati wake badala ya kujificha nyuma ya ngao mchana kutwa. Haigusi mengi, na hicho ndicho ninachokipenda. Itamkera mtu wa upanga wa mikono miwili aliyezoea kubonyeza bila kuhesabu. Mwenye upinde hataona tofauti kubwa.

3. Precision

Hii inahitaji SKSE. Skyrim ya asili haiangalii ubapa wa upanga umepita wapi. Inaangalia adui yuko umbali gani na yuko mbele yako au la. Kwa hiyo unaweza kumkosa mtu ambaye upanga umemkata kiuno mbele ya macho yako, au kumpata ambaye haukumgusa. Precision inafuata njia ya silaha yenyewe, na adui naye anafungwa na sheria hiyohiyo.

Tahadhari moja: silaha ikigota, kuna kusita kidogo kunakotia uzito kwenye pigo. Jamaa yangu mmoja alishinda wiki nzima akishusha ubora wa picha, akiamini laptopu yake ya zamani imeanza kuganda. Ni swichi tu, inazimwa kwenye menyu ya modi. Mchawi haimhusu.

4. Wildcat

Hapa ndipo umaarufu na majuto vinapoanza kutembea pamoja. Wildcat inaongeza makali ya mapigo kwa pande zote mbili, inaleta majeraha yanayokulemaza katikati ya vita, na inakufanya uheshimu stamina. Kwa mtu wa upanga na ngao, mwenye deraya nzito mwilini, ni raha tupu: pambano linaisha kwa mapigo machache na kila moja lina maana.

Sasa mweke mchawi wa ngazi ya tano aliyevaa joho. Yeye hana ngao wala chuma, na alitegemea kwamba akikosea mara moja atapata muda wa kunywa dawa. Muda huo Wildcat imeuondoa. Mbaya zaidi ni aliyeacha ugumu kwenye Legendary, kwa kuwa modi haifuti ile hesabu ya mwanzo: makali yaliyoongezwa yanazidishwa tena kwa tatu upande wa adui, yako yanabaki robo. Halafu anasema modi ni ya uonevu. Rudi Adept, kisha uihukumu. Na Lydia, mfuasi anayepigana kando yako, jiandae kumwona amepiga magoti muda mwingi kuliko amesimama.

5. True Directional Movement pamoja na MCO

Hii ndiyo uliyoiona kwenye zile video za mtandaoni. Mtu anazunguka kama pia, mapigo matano yameungana, kamera imemganda adui, cheche zinaruka. True Directional Movement ndiyo inayomfungia adui shabaha na kukuruhusu kukimbia upande wowote. MCO ndiyo inayobadilisha mapigo yenyewe. Zote zinahitaji SKSE. Zimeundwa kwa ufundi mkubwa, na sitamdharau anayezipenda. Nimeziweka nafasi ya tano kwa sababu hakuna modi nyingine zinazochezwa na watu wengi kiasi hiki ambao hazikutengenezwa kwa ajili yao.

Anza na jicho. Ukicheza kwa macho ya mhusika mwenyewe, kama wengi tulivyozoea Skyrim, uzuri wote huo uko nyuma ya mgongo wako. Halafu miguu: MCO inakupeleka mbele kwa nguvu ya animesheni, na pigo ukishalianza umelianza. Aliyekuwa akipigana huku anarudi nyuma, akikata na kusogea, atajihisi amefungwa kamba.

Kisha maadui. Majambazi na walinzi watapata mapigo mapya, ingawa bila modi nyingine iitwayo SCAR hawayaungi ipasavyo. Lakini dubu, buibui na draugr, wale wafu wanaotembea, wana mifupa yao na animesheni zao, na MCO haiwafikii. Skyrim imejaa makaburi ya draugr. Unaingia pangoni umekuwa bingwa wa upanga wa kisasa, na mfu anayeamka kwenye jeneza anakujia kwa mwendo uleule wa 2011. Kuna modi za kumbadilisha naye, na modi za kuzifanya hizo zipatane na zako, na ndivyo Jumamosi inavyokwisha.

Vyumba navyo havikupangwa kwa mchezo huu. Video inarekodiwa uwanda wazi, mtu mmoja kwa mmoja. Wewe uko kwenye ujia mwembamba, watatu wanakupiga mishale na mfuasi wako kasimama mlangoni.

Na kila ukiongeza modi inayogusa mfumo wenyewe wa animesheni, sharti uendeshe upya Nemesis au Pandora, programu zinazoupanga mfumo huo. Ukisahau, mhusika wako anasimama mikono imenyooshwa kama sanamu la kutishia ndege shambani. Nilisahau. Zaidi ya mara moja.

Nani azichukue? Anayecheza kwa kamera ya nyuma, kwa pedi, kwa silaha za mkononi, na ambaye kupanga modi kwake ni sehemu ya starehe.

Modi ya Requiem sijaipa namba kwa kuwa inabadilisha dunia nzima. Adui hapandi ngazi pamoja nawe: pango lililo gumu ni gumu tangu siku ya kwanza, na jambazi wa barabarani anaweza kukumaliza kwa pigo moja. Inataka uanze gemu upya na uwe na moyo wa kukimbia. Aliyetaka mapigano mazuri zaidi tu, apite mbali.

Jambo la mwisho kwa zile za SKSE: angalia toleo la gemu yako. Masasisho ya Novemba 2021 na Desemba 2023 yaliziacha modi nyingi hazifanyi kazi hadi watunzi walipozirekebisha. Iamuru Steam isisasishe hadi utakapoiwasha gemu, kisha uiwashe kupitia SKSE. Ingiza modi moja, nenda hadi kaburi la Bleak Falls Barrow urudi kijiji cha Riverwood, ndipo uongeze ya pili. Na usizijaribie kwenye hifadhi yako (save) ya mhusika wa ngazi ya 40, maana zenye skripti ukizitoa katikati ya safari zinaacha uchafu ndani ya hifadhi. Anzisha mhusika wa majaribio, mpe jina lolote, ukishamaliza mfute.