Kahuzi-Biega kwa miguu: Bugulumiza jana, Kahuzi leo

Sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), tumezoea kuipita Parke ya Kahuzi-Biega tukiwa garini. Barabara ya Walikale inapasua msitu, unachungulia miti dirishani, safari inaendelea. Nami nilikuwa hivyo hadi Julai 2022, nilipokwenda na mdogo wangu hadi Tshivanga, kituo cha Parke, mwendo wa kilomita kama thelathini na kitu toka mjini, tukatembea siku mbili.

Kila anayeisifu Parke huanza na gorila, wala hakosei: hawa wa kwetu hawapatikani porini nje ya Kongo. Lakini sisi hatukulipia gorila. Tulilipia njia.

Siku ya kwanza tulipanda mlima Bugulumiza. Ni njia fupi, isiyoumiza, na ukifika juu unaona jinsi msitu ulivyo mkubwa. Nzuri kwa kupima pumzi na magoti. Kama una watoto wakubwa au mzazi anayependa kutembea, anzieni hapo.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Mlima Kahuzi una mita 3,308, nao haukupi njia moja, unakupa tatu zilizofuatana. Kwanza ni msitu wa miti mirefu, giza na unyevu. Halafu mianzi. Ndani ya mianzi unainama kama unaingia mlango wa nyumba ndogo, mashina yaliyoanguka yanateleza kama sabuni, na ukiyashika ovyo unabaki na vinyweleo vinavyowasha viganjani. Hapo mzee aliyetutangulia na panga alisimama, akaokota maganda makavu ya chipukizi la mwanzi, yamechanwa vipande virefu, ndani patupu. Akatueleza kwamba mvua zikirudi na machipukizi yakaanza kutoka, gorila huja huku kuyala: wanamenya, wanakula kilicho laini, wanatupa ganda. Nililishika lile ganda muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Baada ya mianzi, mti unafupika, upepo unaingia baridi, na matawi yamevaa ndevu za kijivu. Huko tulipanda kwa mikono na miguu.

Yule mzee ni Mtwa, wa watu wa asili wa msitu. Wazazi wake walizaliwa ndani ya msitu huu kabla Watwa hawajafukuzwa, Parke ilipoanzishwa mwaka 1970 na miaka iliyofuata. Alikuwa akitaja jina la kila mmea na kazi yake, huu wa tumbo, huu wa kidonda. Kwangu, kutembea nyuma yake kulikuwa na thamani kuliko kilele chenyewe, na naona uchungu kwamba mwenye elimu hiyo anaingia msitu wa wazazi wake kama mfanyakazi.

Lawama yangu ni moja. Aliyetupangia safari mjini alituambia viatu vya kawaida vinatosha, eti ni kiangazi. Si kweli! Udongo wa Kahuzi haukauki. Mdogo wangu alianguka mara nne kwenye mianzi, ya mwisho akalia. Mzee akampa fimbo yake, akamwambia, "Mama, weka mguu palipo na mzizi, usiweke palipo na jani." Hakuanguka tena.

Kwa hiyo: vaa bote, yaani viatu vya buti, na koti la mvua usiliache. Beba maji yako na chakula cha kushibisha. Sisi tulikula viazi vitamu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga pale juu, ukungu ukifunguka na kujifunga. Glavu za kazi za bei ndogo zitakuokoa kwenye mianzi. Toka mapema, maana kushuka kunachosha mapaja kuliko kupanda. Zaidi ya yote, ulizia kwanza hali ya usalama: tangu tulipokwenda sisi mengi yamebadilika huku kwetu, na njia iliyokuwa wazi mwaka ule huenda leo haipitiki.

Kinamasi cha Musisi hatukukifikia, siku hazikutosha. Njia zikitulia tutarudi kwa ajili yake, na kama yule mzee bado yupo, nitaomba atutangulie yeye.