Dillon RL 550C au XL 750? Uzoefu wangu wa kujaza risasi za 9 mm nyumbani

Kwa mlenga shabaha wa Marekani anayemaliza risasi mia tatu au nne kwa mwezi, na mwenye bastola za kipimo cha risasi zaidi ya kimoja, kati ya mashine hizi mbili za Dillon za kujaza risasi, RL 550C inatosha. Nimezitumia zote mbili na bado nasema hivyo.

550C ina vituo vinne, na sahani ya maganda unaizungusha mwenyewe kwa kidole. 750 ina vitano na hujizungusha. Mengine yote yanatokana na hapo.

Kituo cha kwanza, ukishusha mpini, praima iliyotumika (kidonge cha kuwasha baruti kilicho kwenye kitako cha ganda) inang'oka na ganda linabanwa hadi kipimo chake. Ukiurudisha mpini na kuusukuma mbele hadi mwisho, praima mpya inakaa. Kiganja ndicho kipimo hapa: unasikia ukinzani laini, kisha kikomo. Ikigoma, usilazimishe. Mara nyingi ni ganda la kijeshi, ambalo ukingo wa tundu la praima umebanwa kiwandani. Hayo yachambue mapema. Kisha papasa kitako cha ganda kwa ncha ya kidole. Praima iwe sawa na kitako au chini yake kidogo. Ikichomoza, risasi hiyo weka kando. Na miwani usivue.

Kituo cha pili kinapanua mdomo wa ganda na kumimina baruti, na hapa ndipo 550C inapodai akili zako zote. Ukisahau kuzungusha sahani ukavuta tena, ganda moja linapata baruti mara mbili. Aina nyingi za baruti ya bastola, kwa dozi moja, hazifikishi hata nusu ya ganda la 9 mm, kwa hiyo dozi mbili zinaenea bila kumwagika, na bastola inaweza kupasuka mkononi. Mimi huchagua baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo ikizidi maradufu inafurika mezani, na nimefunga taa ndogo juu ya kituo cha tatu ili nichungulie kila ganda kabla ya kuweka kichwa cha risasi. Ganda tupu nalo ni balaa: kichwa kinakwama ndani ya mtutu. Simu ikiita katikati ya kazi, usikisie ulipofikia; toa maganda yote, mwaga baruti, anza upya. Dozi yenyewe itoke kwenye kitabu cha mtengenezaji, uanzie chini.

Kituo cha mwisho watu wengi hubana kupita kiasi. Risasi ya 9 mm hujiegemeza kwenye chemba kwa mdomo wa ganda, hivyo kazi yako ni kuondoa ule upanuzi tu: kama milimita 9.65 mdomoni. Urefu wote usizidi 29.69.

Bomba la praima hubeba 100. Likiisha, tumia nafasi hiyo kupima dozi tatu kwa mizani.

Kubadili kipimo ni raha: chomoa pini mbili, kichwa cha mashine kinatoka na kalibu zake (vyuma vya kubana na kupanua ganda) zikiwa zimeshapangwa. Nunua kichwa kwa kila kipimo, usiwe bahili hapo.

750 inamfaa anayefyatua maelfu ya kipimo kimoja. Kituo cha ziada kinabeba kengele ya kukagua baruti, nayo ina thamani yake. Kilisha maganda cha umeme kinauzwa peke yake, kwa hiyo kijumlishe kwenye bei kabla hujalinganisha.